Karatu na Ngorongoro: Mambo ya Kutengeneza Kabla ya Kuondoka



Kila zikaribiapo likizo za shule hunijia wazazi, na mara nyingine vijana wenyewe, kuniuliza habari za safari ya Ngorongoro, kwa kuwa wamesikia kwamba madrasa yetu ya hapa Mombasa imekwenda huko zaidi ya mara moja. Wengi huuliza gari ni shilingi ngapi, na kama simba huonekana kwa yakini. Ni wachache mno waulizao watoto watakula nini, na wachache zaidi waulizao ziongezwe siku ngapi juu ya zile zilizoandikwa na kampuni ya safari. Nami ni katika mambo haya mawili nilikojikwaa, basi nimeona yafaa niandike yaliyotupata, na tuliyoyatengeneza baadaye.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa katika mwezi wa Shawwali 1434, yaani Agosti 2013. Tulikuwa wanafunzi 19 na waalimu watatu. Tulipita Voi na Taveta, tukavuka mpaka Holili, tukashika njia ya Moshi, tukalala Arusha. Siku ya pili tukaendelea hadi Makuyuni, tukaiacha barabara kuu, tukapita Mto wa Mbu, kisha gari ikaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa, ziwa la Manyara likibaki chini kama sahani ya fedha. Kutoka Mombasa hata Karatu ni zaidi ya kilomita 500, na mtoto aliyekaa garini mwendo huo hafiki akiwa na hamu ya kutazama kitu. Hufika akiwa na njaa na usingizi. Nasi tulifika magharibi, katika baridi ambayo watoto wetu hawakuwa wakiijua ila katika friji. Karatu iko juu kiasi cha mita 1,500, na mwezi wa Agosti upepo wake hupenya nguo.

Chakula chote kilikuwa juu ya kampuni. Tulikwisha kulipa, na katika karatasi yao waliandika kwamba kila kitu kimo ndani ya bei. Sikuuliza hicho “kila kitu” ni kitu gani. Nilidhani, kwa kuwa walituona tuna kofia na kanzu, na mabuibui ya wasichana, watajua wenyewe.

Asubuhi tuliandaliwa mkate, mayai, chai na soseji. Mwanafunzi mmoja wa miaka 11, ambaye jana yake hakula kwa kutapika njiani, alikula soseji mbili kabla mimi sijakaa. Mhudumu alinijia akaniinamia sikioni, akasema kwa adabu, “Shehe, samahani, hizi ni za nguruwe. Sikujua kama hamkuambiwa.” Namshukuru kijana yule mpaka leo, maana angeweza kunyamaza.

Dhambi haikuwapo, kwani mtoto hakujua, wala hajabaleghe. Lakini najisi ilikuwapo, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nikamchukua nyuma ya nyumba. Udongo wa Karatu ni mwekundu sana, hushika katika viatu na nguo na hautoki upesi. Nikaukoroga katika kikombe cha maji, akasukutua na kutema, machozi yakimtoka, na wenziwe wakitazama dirishani. Tuliondoka tumechelewa saa mbili nzima. Watoto waliosalia hawakugusa tena chakula chochote cha nyumba ile, hata mayai, na siku yote ndani ya Ngorongoro ilikuwa siku ya biskuti. Kila nikiwaambia, “Tazameni faru yule kwa mbali,” walikuwa wakitazama mfuko wa biskuti.

Tuliporudi nilikwenda kwa baba yake nikamweleza. Hakunigombeza. Aliniambia tu, “Maalim, mwanangu nilikukabidhi wewe. Sikuikabidhi kampuni.”

Ikawa miaka mitatu sikutaka kusikia jina la Ngorongoro. Wako waliosema kwamba kosa ni kwenda, kwamba watoto wa chuo hawana haja na wanyama, na kwamba mambo hayo ni ya wazungu. Sikuona hivyo, wala sasa sioni hivyo. Kurani imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi na tutazame, nayo ardhi ile inastahili kutazamwa: shimo lililobaki baada ya kilele cha mlima wa moto kudidimia, upana wake unakaribia kilomita 20, kina chake kama mita 600, na uwanda wa chini kama kilomita za eneo 260, ndani yake mna nyati na pundamilia na simba na ndovu na viboko, na ziwa la magadi lililoshukiwa na heroe. Twiga tu ndiye hayumo, na wenyeji husema ni kwa sababu ya ukali wa kuta zake. Mtoto aliyesimama ukingoni, ambako ni mita 2,300 hivi juu ya bahari, ukungu ukafunuka mbele yake, hahitaji kuelezwa sana habari za uwezo wa Mola wake.

Basi Agosti 2016 tulikwenda tena, na mara hii tulianza na chungu.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba usiulize hoteli, “Je, chakula chenu ni halali?” Jibu la swali hilo ni “Ndiyo” kila mahali, na anayejibu hana nia ya kudanganya, ana nia ya kumridhisha mgeni. Uliza: Mnapika kitimoto? Kikaango chake ni hiki hiki? Mafuta ya chipsi yanakaangiwa na soseji? Nyama mnanunua wapi, na nani aliyeichinja? Kwa upande wa ng’ombe na mbuzi, desturi ya siku nyingi katika Tanzania ni kuwa machinjioni mchinjaji huwa Mwislamu, kwa hiyo nyama ya buchani haina taabu nyingi. Taabu iko mbele yake, jikoni: jiko moja la nyama choma, kisu kimoja na ubao mmoja, upande huu mbuzi na upande huu nguruwe. Pia uliza kama meza yenu itakuwa mbali na baa. Hoteli nyingi za watalii huweka chakula na pombe katika ukumbi mmoja, na mtu akiomba mapema hutengewa chumba au baraza pasipo ugomvi. Akiomba wakati sahani zimekwisha kuwekwa, huonekana mkorofi.

Sisi tuliandika barua miezi miwili kabla, tukapata nyumba ndogo ya wageni ambayo mwenyewe ni Mkristo na mama mwema kabisa. Akatwambia, “Njooni na sufuria zenu, jiko nitawapa.” Tukachukua sufuria mbili, visu, bizari na nazi. Kuku tuliwanunua wazima sokoni Karatu, nikawachinja mwenyewe. Mchele tuliununua Mto wa Mbu, ambako maji ya chemchemi za ukutani hulisha majaruba ya mpunga na mashamba ya migomba, hata ndizi nyekundu utaziona zimetundikwa kando ya barabara. Na mbaazi! Wasomaji wa pwani watashangaa kama nilivyoshangaa: mbaazi tunazokula asubuhi kwa mahamri hulimwa Karatu kwa wingi, pamoja na mahindi na maharage, na Wairaqw waliotuona tukizipika kwa nazi waliuliza kama tunapika mchuzi au uji. Yule mama alionja akaomba nazi iliyobaki.

Kwa asiyeweza kuchukua sufuria, nasema hivi: akifika asubiri sala, aende msikitini, maana Karatu misikiti ipo, na baada ya sala awaulize jamaa wanakula wapi. Hao hula huko kila siku, nao hawauzi safari.

Jambo la pili ni siku. Kampuni nyingi huuza Ngorongoro kama tonge moja: unafika usiku, unashuka asubuhi, jioni unarudishwa Arusha. Kwa mtu mzima wa Arusha labda yatosha. Kwa watoto waliotoka pwani ni kutupa fedha, kwa kuwa siku yao ya kwanza ni ya kutapika na kutetemeka, nayo ndiyo siku wanayopelekwa kuona. Kibali cha kuingia katika Hifadhi huhesabiwa kwa saa 24, ada ya gari kushuka ni kubwa kwa magari ya kigeni, ingawa raia wa Afrika Mashariki hulipa nafuu sana kwa kichwa chake, na ada hubadilika, basi ziulizwe upya kila mwaka. Karatu iko nje ya lango la Lodoare. Siku unayopumzika Karatu hulipi ada ya Hifadhi hata senti moja. Kwa hiyo siku za ziada ziwekwe Karatu, kabla ya kushuka, siyo baadaye.

Nasi tulifika Jumanne, tukaondoka Jumamosi. Jumatano tulilala mpaka jua likapanda, kisha tukateremka Mto wa Mbu kutazama mashamba. Alkhamisi tukashuka kreta. Ijumaa asubuhi tukaenda kwa miguu katika msitu wa Hifadhi, ada yake tukailipa, tukiwa na askari mwenye bunduki, kwenye maporomoko ya Endoro na mapango yaliyochimbwa na ndovu wanaokwenda kula udongo wenye chumvi. Tukarudi tukaswali Ijumaa pamoja na watu wa Karatu. Wako wanaoongeza siku ya Oldupai, ambako mwaka 1959 Mary Leakey aliokota fuvu la kale lililotajwa dunia nzima, na hilo ni jema kwa vijana wakubwa. Wako wanaokwenda ziwa Eyasi kuwatazama Wahadzabe. Huko sikuwapeleka wanafunzi. Watu si wanyama wa kutazamwa kwa tiketi, na sikuona namna ya kuwafundisha watoto tofauti hiyo katika nusu saa.

Katika hesabu ya siku mna hukumu ya sala pia. Msafiri akinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukoma kupunguza na kukusanya. Siku zetu kamili zilikuwa tatu, basi tulibaki wasafiri. Anayetaka kukaa zaidi akae, lakini ajue kabla, asije akabishana na wenziwe kila adhuhuri.

Tena msichukue ratiba ya sala ya Mombasa. Saa za nchi hizi mbili ni sawa, lakini Karatu iko magharibi yetu kwa kiasi cha nyuzi nne, na jua hufika huko baada ya dakika kama 16. Anayeswali magharibi kwa ratiba ya kwetu ameswali kabla ya wakati. Kibla nacho ni kaskazini kwa kuelekea mashariki kidogo.

Siku ya kushuka, chakula ndicho kinachopanga saa. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na anayengoja meza ya hoteli iandaliwe hufika saa tatu, wanyama wamekwisha kujilaza. Tulipika usiku, tukafunga katika vibuyu na makasha, tukaswali alfajiri, tukaondoka. Langoni fungeni madirisha, maana nyani wa pale wamezoea kuingia garini na kuchukua mkate mkononi mwa mtu. Ndani ya kreta hairuhusiwi kutoka garini ila mahali palipowekwa, na watu wengi hula Ngoitokitok, kwenye kidimbwi cha viboko. Hapo pana mwewe. Mwewe hawa hungoja mtu afungue kasha, kisha hushuka kwa nyuma na kuondoka na paja la kuku, na kucha zao zimewahi kuwajeruhi watu. Kuleni ndani ya gari. Kisha shukeni, tawadheni kwa maji ya chupa mbali na kidimbwi, mswali adhuhuri na alasiri kwa pamoja. Tulipanga safu mbili juu ya majani, dereva wetu, ambaye si Mwislamu, akasimama nyuma yetu akiangalia nyati mpaka tukatoa salamu.

Tulipokuwa tukipanda kutoka, tulikutana na Wamasai wakirudi na punda waliobeba magunia. Dereva akatwambia ni mahindi ya kutoka Karatu, kwa sababu kulima ndani ya Hifadhi kumekatazwa, na mwenye ng’ombe mia hununua unga kama mtu wa mjini. Tangu mwaka 2022 wengi wamehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, na habari hiyo imezua maneno mengi ambayo ukurasa huu haunitoshi. Siku ile wanafunzi walinyamaza kwa muda, kisha mmoja akauliza kama tumebakiza chakula. Kilikuwapo kidogo, tukawapa.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba wasafiri wakiwa watatu wamteue mmoja wao awe amiri. Sisi siku hizi huteua wawili, mmoja wa safari na mmoja wa jikoni. Katika safari yetu ya mwisho amiri wa jikoni alikuwa kijana yule yule aliyesukutua udongo mwekundu, ambaye sasa ana mke na mtoto. Alitangulia Karatu siku moja kabla yetu kwa basi. Usiku akanipigia simu, nami sijamuuliza neno akaanza: “Maalim, jiko nimeliona. Vikaango ni viwili, kimoja kipya, nacho nimekiweka chumbani kwangu. Kuku nimewapata. Blanketi ongezeni.”