Mnunuzi Asinyamaze

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo moja ambalo karibu sote twalifanya, nalo ni kunyamaza tunapouziwa kitu kibovu, au tunapohudumiwa vibaya baada ya kutoa fedha zetu. Mtu amenunua viatu, soli ikabanduka siku ya nne. Mwingine amelipa nauli, basi likaharibika njiani, naye akapanda gari jingine kwa fedha yake mwenyewe. Mwingine amekatwa fedha katika simu kwa huduma asiyoiomba. Watu hao wote hurudi nyumbani, huwasimulia jirani na jamaa, husikitika pamoja nao, na mwisho husema, "Basi, namwachia Mungu." Lakini yule aliyepokea fedha yao hasikii neno hata moja.

Mimi ni karani wa usharika hapa Kisongo. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na ndoa, hesabu za sadaka, na barua. Kwa kuwa nilisomea ualimu chuoni, wengi huniita Mwalimu, nao huja ofisini na karatasi zao ili niwasomee au niwaandikie. Hivyo nimesikia malalamiko mengi ambayo wenye maduka hawajapata kuyasikia. Nami nimeona ya kuwa sababu za kunyamaza ni tatu. Ya kwanza ni haya: mtu aona kudai ni utovu wa adabu. Ya pili ni kudhani kwamba hana haki yo yote, kwa sababu ukutani mwa duka pameandikwa, "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Ya tatu ni kutojua aanzie wapi. Nitazijibu moja moja.

Kwanza, adabu. Kugombana ni jambo moja, na kudai ni jambo jingine. Mgomvi hupaza sauti, hutukana, na akiisha kutukana huenda zake mikono mitupu. Mwenye kudai husema alilipa nini, alipata nini, na ataka nini. Sisi watu wa Mlima Meru hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe Wazungu wafugaji. Wameru waliandika malalamiko yao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York kuyaeleza mbele ya Umoja wa Mataifa. Hawakurudishiwa ardhi siku ile, lakini dunia nzima ilisikia, wala hakuna aliyeweza kusema tena ya kuwa Wameru waliridhika. Jambo lile lilikuwa kubwa kuliko viatu na mabasi, lakini fundisho ni lile lile: anyamazaye huhesabiwa kuwa ameridhika.

Pili, sheria. Yafaa kila mnunuzi ajue ya kuwa maandishi ya ukutani hayawi sheria ya nchi kwa kuwa yameandikwa kwa herufi kubwa. Tunayo sheria ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kwa sheria hiyo, ukimweleza mfanyabiashara wa bidhaa fulani kazi unayoitakia bidhaa hiyo, ukategemea ujuzi wake, basi yampasa akupe kinachoifaa kazi hiyo. Tena tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani. Sheria hiyo yakataza kumdanganya mnunuzi, nayo yaweka masharti ya ubora ambayo yamo katika mauzo kwa mlaji hata kama hayakuandikwa katika risiti.

Lakini sheria haimpendelei mnunuzi mzembe. Kama ulikikagua kitu, na kasoro yake ilikuwa wazi mbele ya macho yako, usitegemee kudai baadaye juu ya kasoro hiyo. Kama umekivunja mwenyewe, hasara ni yako. Na kama umekaa na kitu kibovu muda mrefu bila kumwambia aliyekuuzia, sheria yaweza kuhesabu ya kuwa umekipokea, nawe ukapoteza haki ya kukirudisha. Kwa hiyo dai liende mapema.

Tatu, kuanza. Hapa nitatoa mfano mmoja nilioushughulikia mwenyewe. Jina la duka silitaji. Kisongo, kama mjuavyo, tuko upande mkavu wa mlima. Wenzetu wa Tengeru na Usa wanapolalamikia matope, sisi bado twatazama mawingu. Mwenye nyumba ya bati huku hukinga kila tone. Jirani yetu mmoja, mjane ambaye sote twamwita Koko, aliuza mbuzi watatu, akanunua tangi la plastiki la lita 1,000 kwa shilingi 230,000 katika duka moja la mjini, akalipa na shilingi 25,000 za gari la kulileta. Mvua ya kwanza ikalijaza. Siku ya 19 tangu kulinunua, usiku, likapasuka karibu na kitako, na maji yote yakamwagika.

Nilikwenda kumpa pole. "Shikamoo, Koko." "Marahaba, mwanangu," akaitikia. "Nifanyeje? Wale ni watu wakubwa, na mimi ni mwanamke mzee tu. Mungu ameona." Nikamwambia ya kuwa Mungu ameona kweli, lakini mwenye duka bado hajaona. Nikamwuliza kama anayo risiti. Akafungua fundo la kanga, akaitoa, imekunjwa mara nne.

Siku ya tatu tukaenda mjini pamoja, tukiwa na risiti na picha za tangi. Kijana wa kaunta alituamkia kwa heshima, kisha akanyosha kidole kwenye yale maandishi ya ukutani. "Bibi, si mimi ninayepanga," akasema. Alisema kweli, nasi hatukumlaumu. Kijana wa kaunta hana mamlaka ya kurudisha fedha. Kumfokea yeye ni kupoteza pumzi. Tuliuliza jina la mwenye duka, tukaacha barua. Nilikuwa nimeiandika nakala mbili, nikamwomba kijana apige muhuri wa duka na tarehe juu ya nakala yetu. Barua yenyewe ilikuwa fupi, nami nitaiandika hapa ili kila mtu aitumie kwa shida yake:

"Bwana, tarehe fulani nilinunua dukani kwako tangi la lita 1,000 kwa shilingi 230,000, risiti namba fulani. Nilieleza kuwa ni la kukingia maji ya mvua. Liliwekwa juu ya msingi wa saruji ulio sawa, kama picha zinavyoonyesha. Siku ya 19 lilipasuka. Naomba mambo matatu: tangi jingine zima au fedha zangu, shilingi 25,000 nilizolipa gari, na fedha za maji ninayonunua tangu siku hiyo, ambazo naziandika kila siku. Naomba jibu katika siku 14. Nisipolipata, nitapeleka nakala ya barua hii Tume ya Ushindani."

Ona, msomaji, ya kuwa hakuna tusi humo, wala hakuna kilio. Hatukusema "mmetuibia", kwa maana hatukujua kama mwenye duka alikuwa na nia mbaya. Tuliandika tarehe, namba, kiasi, na maombi. Hasa maombi. Watu wengi hueleza shida yao vizuri kisha huishia hapo, na anayesoma hajui kama mtu ataka fedha, ataka kitu kingine, au ataka pole tu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Koko hajui kuandika, lakini mjukuu wake wa darasa la tano alichora mstari mmoja kwa kila dumu la maji lililonunuliwa, na karatasi ile ikawa daftari lake.

Siku ya tisa mwenye duka akapiga simu. Akamtuma fundi kuutazama msingi, nalo lilikuwa jambo la haki, kwa maana tangi likiwekwa juu ya mawe au mahali palipoinama hupasuka kwa kosa la mwenyewe. Fundi akaona msingi u sawa. Juma lililofuata tangi jipya likaja kwa gari la duka, na shilingi 25,000 za gari zikarudishwa. Juu ya maji tulikuwa na mistari 40, kila dumu shilingi 500, jumla 20,000. Mwenye duka akasema nusu. Koko akakubali, akapokea 10,000, akatia kidole katika karatasi ya mapatano. Hakupata yote. Lakini alipata maji ya msimu ule, na mbuzi wake watatu hawakupotea bure.

Jambo lililonigusa zaidi alilisema mwenye duka mwenyewe. Alisema matangi mawili mengine ya shehena ile yalikuwa yamepasuka pia, lakini alisikia habari kwa madereva tu, wanunuzi hawakurudi. Bila barua hakuwa na la kumwonyesha mwenye kiwanda. Barua ya Koko ndiyo aliyoipeleka kiwandani. Basi kimya chetu hakituumizi sisi peke yetu. Chamwumiza na mwuzaji mwema, ambaye hajui anauza nini, na zaidi chamwumiza yule atakayenunua kesho.

Katika mambo ya sheria kuna kesi moja mashuhuri iliyosimama juu ya neno hilo hilo la jirani. Tarehe 26 Agosti 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mama mmoja aitwaye May Donoghue alinunuliwa kinywaji cha tangawizi na rafiki yake. Chupa ilikuwa nyeusi, haionyeshi ndani. Alipokuwa amekwisha kunywa kiasi, alisema, konokono aliyeoza alitoka katika chupa ile, naye akaugua. Hakuwa yeye aliyelipa, kwa hiyo hakuwa na mapatano na mtu. Tena alikuwa maskini, hata ikambidi athibitishe umaskini wake ili aweze kuendelea na kesi. Akamshitaki mwenye kiwanda, David Stevenson. Kesi ikafika mpaka Baraza la Malodi mjini London, na mwaka 1932 majaji watatu dhidi ya wawili wakaamua ya kuwa mwenye kiwanda ana wajibu wa kumwangalia mtu atakayekitumia kitu chake, hata kama hamjui. Lord Atkin, katika hukumu yake, alikumbuka swali la mwanasheria katika Injili, aliyetaka kujua jirani yake ni nani. Hukumu hiyo yafuatwa katika nchi nyingi, pamoja na mahakama zetu za Afrika Mashariki. Imetokana na lalamiko la mama mmoja maskini aliyekataa kunyamaza.

Sasa, kama mwenye duka au kampuni hajibu, yafaa kujua mlango wa kugonga. Kwa umeme, maji ya bomba na mafuta ni EWURA. Kwa mabasi na daladala ni LATRA, iliyoshika kazi hiyo badala ya SUMATRA mwaka 2019. Kwa simu, intaneti na posta ni TCRA. Kwa ndege, kama zile tunazoziona zikitua uwanja wetu wa Arusha hapa karibu, ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa mabenki, Benki Kuu ina dawati la malalamiko. Kwa mizani na vipimo ni Wakala wa Vipimo. Kwa ubora wa bidhaa ni Shirika la Viwango. Kwa mauzo ya udanganyifu na bidhaa bandia ni Tume ya Ushindani. Na deni la mapatano madogo laweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ambako mambo husemwa kwa Kiswahili. Lakini anza siku zote kwa yule aliyekuuzia, kwa maana swali la kwanza utakaloulizwa katika ofisi hizo ni hili: je, umemweleza mwenyewe, naye amejibu nini? Nakala yenye muhuri ndiyo itakayojibu.

Msidhani haya ni mambo ya wasomi wa mjini. Tarehe 15 Machi 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani aliliandikia Bunge la nchi yake juu ya haki nne za mnunuzi: kuwa salama, kuelezwa kweli, kuchagua, na kusikilizwa. Tangu mwaka 1983 tarehe hiyo huadhimishwa duniani kuwa siku ya haki za walaji. Lakini haki ya kusikilizwa yataka kwanza mtu aseme.

Kwa hiyo, wazazi, wafundisheni watoto kudai risiti hata kwa daftari la shilingi mia tano, na kuiweka. Wekeni nyumbani bahasha moja ya risiti, pale pale penye vyeti vya ubatizo na kadi za kliniki. Kitu kikiharibika, andika siku ile ile, kwa maneno machache na ya heshima, utaje unachotaka. Nanyi wenye maduka mnaosoma gazeti hili, mteja anayerudi na barua msimwone adui. Adui wa biashara yenu ni yule aliyeondoka kimya, asirudi tena, akawaambia majirani kumi.

Nami nipo ofisini Jumanne na Alhamisi. Asiyejua kuandika, aje na risiti yake.

Karani wa Usharika, Kisongo