Kiwanda Kilinipa Jezi

Saa 9 na nusu alasiri king'ora kilipolia, Kihonda nzima ilijua zamu ya asubuhi imetoka. Kinamama wa mihogo ya kukaanga walichochea moto nje ya geti, na watoto wa chekechea ya kiwanda walianza kuchungulia kwenye uzio wakitafuta sura za mama zao. Sisi wa timu ya mpira ya kiwanda, king'ora hakikutuhusu. Tangu saa 8 tulikuwa tumeshatoka kwa ruhusa ya bwana utumishi, viatu vya njumu vikining'inia shingoni, tukielekea mazoezini.

Ilikuwa mwaka 1984. Morogoro, Mji Kasoro Bahari, ilikuwa na viwanda vya kila namna: viatu, ngozi, turubai, magunia, mafuta ya kula, tumbaku. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na cheti ambacho mama alikiweka chini ya godoro, wala si kwa kuogopa wezi. Kilichoniajiri ni mguu wa kulia. Mjumbe mmoja wa kamati ya timu aliniona kwenye mechi ya mtaani, akaja nyumbani jioni na kilo mbili za sukari, mzigo ambao kwa hali ya mwaka ule ungetosha kuposea. Akamwambia baba, "Mzee mwenzangu, huyu kijana tuachie sisi. Atavaa jezi na atakula mshahara." Baba akanigeukia: "Umesikia?" Jumatatu nikapewa namba ya mfanyakazi. Kwenye karatasi niliandikwa msaidizi wa fundi, karakana.

Jirani yetu, baba wa watoto watano, alikuwa ameshinda pale getini miezi mingi akisubiri japo kibarua. Siku niliyoingia alinipa mkono wa pongezi. Nilimpita kwa mguu, naye aliujua ukweli huo kabla yangu.

Jina la kiwanda nitaliacha. Kimekufa, na marehemu hasemwi. Ila alichofanya marehemu huyo kwa majirani zake kinastahili kusemwa. Bomba la maji lililotoka nje ya ukuta lilitumiwa na mtaa mzima. Zahanati ilitibu wafanyakazi, na nesi hakuwa na moyo wa kumrudisha mtoto wa jirani mwenye homa. Jioni kulikuwa na darasa la kisomo kwa wazee, na msiba ukitokea, lori la kiwanda ndilo lililobeba jeneza na waombolezaji hadi kijijini, milimani huko Uluguru. Hakuna aliyepiga picha. Ilionekana ni kawaida tu, kama jirani kuazima chumvi.

Na haikuwa Morogoro peke yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, shirika la umma lilitazamwa kama mzazi, na mzazi hulisha, huvisha na huchezesha. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilikuwa na bendi yake, Urafiki Jazz. Iringa, kampuni ya kukata almasi, Tancut, ikawa na Tancut Almasi. Mpira nao ulikuwa vivyo hivyo. Mwanza ilikuwa na Pamba, na hapa kwetu Reli na Tumbaku walizitoa jasho Simba na Yanga. Kijana mwenye kipaji alijua mlango wa kubisha: haukuwa wa klabu wala studio, ulikuwa wa ofisi ya utumishi.

Huo ndio utamu. Uchungu wake niliuonja baadaye.

Karakana yetu ilikuwa na mashine nne za kukerezea vyuma, na bwana wake alikuwa mzee mmoja mfupi aliyevaa ovaroli iliyofuliwa hadi ikasahau rangi yake. Wiki yangu ya kwanza nilimwamkia. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Wewe ndiye yule wa mpira?" Nikasema ndiye. Akatoa mfukoni kitambaa, akakikunjua, na ndani yake mlikuwa na venia, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili na mistari midogo kama miguu ya tandu. Akaniwekea kiganjani pamoja na kipande cha shafti. "Haya, soma. Unene wake ngapi?"

Niliigeuza venia ile kama mtu aliyeshikishwa kitoto kichanga cha watu. Yeye hakucheka. Alinionyesha mstari wa juu unaohesabu milimita, kisha ule wa chini unaotafutwa mahali unapolingana na wa juu, na hapo ndipo unasoma sehemu za milimita. "Mpira nao una mwisho wake, mwanangu," akasema. "Zamu ikitoka mimi hubaki saa nzima. Njoo. Ukijituma, nitakupeleka kwenye jaribio la ufundi, daraja la tatu."

Nikamwambia nitakuja. Sikwenda hata siku moja. Saa ile ndiyo tuliyokuwa tukipiga danadana mbele ya watoto waliolijua jina langu.

Aliyekwenda ni mwenzetu mmoja, kipa wa akiba. Kwa kuwa hakuwa akipangwa, hakuna aliyemkosa mazoezini. Tulimcheka sana. Tulisema hata karakana amekuwa wa akiba, anangoja mzee augue ndipo aguse mashine.

Kuanguka kwa viwanda vya Morogoro hakukuanza na ubinafsishaji, ingawa ndivyo tunavyopenda kusimulia vibarazani. Kulianza vikiwa bado vinapiga king'ora. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Kwetu sisi mambo yalikuwa yale yale kwa kipimo kidogo. Fedha za kigeni hazikuwepo, vipuri havikuja, mashine moja ilivuliwa vyuma ili nyingine iishi. Wiki nyingine karakana ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi peke yake, ikichonga kwa mkono kile ambacho hakikuweza kuagizwa nje. Hata hapo timu ilisafiri. Kiwanda kilikosa bushi za mitambo kikapata mafuta ya basi la wachezaji, nasi tuliona ni heshima.

Wala ujirani ule haukuwa wa asali tupu. Maji machafu ya viwanda yalishuka hadi Mto Ngerengere, na waliomwagilia mchicha wao kule chini hawakuletewa jezi. Tulipanda lori la msiba bila kuuliza ni nini kilichomuua maiti.

Mwaka 1992 orodha ikabandikwa getini. Msaidizi wa fundi, karakana, nilikuwa namba 41. Nilikuwa na miaka 26, goti moja bovu, na miaka minane ya kazi ambayo nisingeweza kuieleza kwa mwajiri mwingine. Jezi namba 7 nilibaki nayo, kwa sababu mfilisi hakuiandika kwenye mali za kampuni. Niliuza mitumba miaka sita kabla sijapata ujasiri wa kurudi darasani kati ya vijana wadogo kwangu.

Sikilaumu kiwanda peke yake. Venia niliwekewa kiganjani, nami nikaikunja kwenye kitambaa chake. Lakini nakumbuka kwamba ofisini walijua mabao yangu ya kila msimu, na kwa miaka minane hakuna aliyewahi kuniuliza kama naweza kusoma milimita.

Nimeyakumbuka haya yote kwa sababu ya mkutano wa mtaa niliohudhuria hivi karibuni. Kampuni moja iliyo jirani nasi ilikuja kukabidhi msaada. Turubai lilifungwa, spika zikapiga muziki tangu asubuhi, na wageni wakavaa fulana zenye nembo. Walileta madawati, mipira, jezi seti mbili, na hundi ya mfano kubwa kama mlango wa choo, ambayo watu wazima watatu waliishika wakitabasamu hadi mpiga picha aliporidhika. Madawati yalihitajika, nisiwe mchoyo wa shukrani. Kuna mtoto leo hakai chini kwa sababu yao.

Kisha akasimama binti mmoja, mwenye kitabu cha mazoezi mkononi. "Shikamooni, wazee wangu. Tunashukuru kwa jezi. Mimi naomba kujua, pale kiwandani mwaka huu mtapokea vijana wangapi wa mtaa huu kujifunza kazi?" Mshereheshaji akasema ni swali zuri, limechukuliwa. Muziki ukaongezwa sauti. Binti akakaa, akafunga kitabu chake.

Nilitamani nimwite yule mzee wa ovaroli aje ajibu.

Siku hizi jambo hili lina jina refu, uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, na kwa upande wa madini lina hata sheria. Marekebisho ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni ya uchimbaji aandae kila mwaka mpango wa jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri. Viwanda vya kawaida sheria hiyo haivigusi. Huko bado tunategemea moyo wa mwenye mali, na adabu ya wanaopokea. Mpira wa viwanda nao haujafa wote. Mtibwa Sugar, timu iliyozaliwa kwenye mashamba ya miwa ya Turiani, ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000, na mkoa mzima tulitembea vifua mbele. Siupigi vita mpira. Napinga jezi kuwa jibu la swali ambalo kijana hakuuliza.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa mitaa iliyopakana na viwanda: mgeni wa msaada akija, mpokeeni vizuri, kisha mwombeni namba moja tu, nafasi za mafunzo kazini kwa mwaka. Iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano. Mwaka ukiisha, isomwe hadharani pamoja na majina ya waliohitimu. VETA ipo hapo hapo Kihonda, na vijana wake wanahangaika kutafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya vitendo. Mashine ambayo tayari inazunguka haiigharimu kampuni kama inavyogharimu turubai, spika na hundi ya mlango.

Yule kipa wa akiba ana karakana yake ndogo upande wa Msamvu, mashine moja ya kukereza aliyoinunua kuukuu. Anafundisha vijana wanne, na hajawahi kuitisha mkutano kwa ajili hiyo. Mwezi uliopita nilimpelekea mjukuu wangu wa miaka 16, ambaye naye wanasema ana mguu. Mwenzangu akamwekea venia kiganjani, akampa kipande cha shafti. "Soma."

Kijana alikosea kwa nusu milimita, akaambiwa arudie. Mazoezi ya mpira yanaanza saa 10, na karakana inafungwa saa 12. Nimemwambia kocha wake kwamba Jumanne na Alhamisi asimsubiri.