Kelele za Chura

Sisi Waswahili tumemdharau chura siku nyingi. Tunasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na msemo umepita, chura mwenyewe hajaulizwa. Mtoto akiokota chura anafokewa: tupa hiyo kitu, ya wachawi! Na sisi tunaojifunza kuandika hatuko nyuma. Katika kikundi chetu cha Jumamosi, kila hadithi yenye mvua ilikuwa lazima iwe na sentensi "vyura waliimba". Vyura gani? Waliimbaje? Wakiwa wapi, majini au mtini? Ukimwuliza mwandishi anacheka tu.

Siku moja mwenzetu mmoja akasema, basi twende tukawaone. Wengine tukadhani utani. Lakini alikuwa amekwishapachagua mahali: Amani, kule Usambara ya Mashariki, wilaya ya Muheza. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea pale mwaka 1902, na mwaka 1997 msitu ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Milima ile ni sehemu ya safu ya Tao la Mashariki, na ina vyura ambao huwakuti popote pengine duniani. Watu wanapanda ndege toka Ulaya kuja kuwaona. Sisi ni nauli ya basi tu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika.

Kupanga safari ya watu sita ni kazi kuliko kuandika riwaya, nawaambieni. Kwanza idadi. Waliotaka kwenda walifika kumi na wanne, tukapunguza. Chura hapendi mkutano wa hadhara. Watu wengi usiku njia nyembamba, wa mbele ataona, wa nyuma ataona migongo. Pili pesa. Tulichanga kidogo kidogo kila Jumamosi kwa miezi mitano, mweka hazina akiwa yule asiyecheka hovyo. Nauli, kiingilio cha hifadhi, mwongozaji, malazi, chakula. Tatu msimu. Kiangazi barabara ni nzuri, vyura wamejificha. Masika vyura wapo tele, ila gari linaweza kukwama mlimani mkalala humo humo. Tukachagua mwanzo wa vuli, mwezi Novemba.

Nne, wazazi. Hapa ndipo safari ilitaka kuvunjika. Binti mmoja, ambaye kusema kweli ndiye anayeandika vizuri kutupita wote, alikataliwa. Tulikwenda watatu kumwona baba yake. Tukaamkia, tukakaa, tukaeleza.

"Vyura?" akauliza mzee. "Hawa wa hapa mtaroni hamjawamaliza?"

"Shikamoo tena mzee," akasema mwenzetu, "wa kule wako wanaozaa."

"Chura azae?"

"Anazaa, mzee. Hatagi."

Mzee akanyamaza kitambo. Halafu akasema binti atakwenda, ila na mama yake mdogo. Tukawa saba, na hesabu ya pesa ikaanza upya. Wawili kati yetu waliuza redio na jozi ya viatu. Sitasema ni akina nani.

Jambo la tano hatukulijua mpaka tulipoongea na mwongozaji kwa simu: viatu. Alitutaka tuoshe gambuti kwa brashi na sabuni, tuzisuuze kwa maji yenye jiki, tuzianike juani mpaka zikauke kabisa, ndipo tupande basi. Kuna kuvu inayoshambulia ngozi ya chura, na inaweza kusafiri katika tope na maji toka bonde hadi bonde. Tena tusijipake dawa ya mbu mikononi kama tuna mpango wa kugusa kitu, maana chura anapumua kwa ngozi pia. Kwa ufupi, tusiguse.

Tulitoka Dar alfajiri, tukashuka Muheza kwenye machungwa yake, mchana tukapata gari la kupanda Amani. Jua lilipozama tukavaa tochi za kichwani tukaingia msituni. Kwa saa nzima hatukuona kitu. Mwongozaji akatuambia tuzime tochi, tusimame, tusikilize. Giza la mjini si giza, jamani. Kule hata mkono wako huuoni. Kidogo kidogo masikio yakafunguka. Kutoka bwawani kulikuwa na milio midogo mingi, kama vijiko vinavyogonga glasi. Juu ya miti kuna mmoja aliyetoa sauti nzito, akanyamaza, akatoa tena. Lile ninaloliita "vyura waliimba" lilikuwa sauti nne au tano, kila mmoja na lake.

Wa kwanza kumwona chura alikuwa mama mdogo. Alikuwa wa mtini, mkubwa kiasi, kijani kibichi, amechorwa mistari myeusi myembamba kama mwandiko wa daktari, na macho makubwa yasiyopepesa. Baadaye, juu ya jani fupi la kando ya njia, mwongozaji akatuonyesha yule tuliyemwahidi mzee: mdogo, hafiki urefu wa kidole gumba, wa kahawia, amekaa kimya kama anasubiri basi. Jina lake la kisayansi limechukuliwa kwa Mjerumani Tornier, ambaye mwaka 1905 aliandika habari za vyura wa nchi hii wanaozaa. Jike hubeba mayai tumboni, na watoto hutoka wakiwa vyura kamili, bila kupita majini kama viluwiluwi. Yule binti aliniuliza kwa Kiswahili anaitwaje. Mwongozaji akajibu: chura.

Usiku ule, nyumba ya wageni, tukazungumza habari za ndugu yake wa Kihansi, maana naye ni wa ukoo huo wa wanaozaa. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, akiishi katika manyunyu ya maporomoko tu, eneo la hekta chache. Bwawa la umeme lilipokamilika, sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 karibu vyura 500 walipelekwa Marekani kulelewa. Korongoni ikawekwa mipira ya kunyunyizia maji. Mwaka 2003 waliobaki wakaporomoka ghafla, na kuvu ile ile ya gambuti ikakutwa. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Toka 2012 wameanza kurudishwa, nao si kazi rahisi.

Mimi nasomea na kuandikia umeme, na sehemu yake inatoka Kihansi. Sisemi uzimwe. Nasema kwamba ng'ombe alikunywa maji yake kama msemo unavyotaka, na chura akanyamaza. Msemo haukutuambia kwamba kelele zikikoma ndipo tuogope.

Tangu turudi, hadithi za Jumamosi zimebadilika kidogo. Mtu akisoma "vyura waliimba" anaulizwa wangapi na wako wapi. Yule binti ameanza daftari la majina: mzaa-jani, mwandiko, kigonga-glasi. Wataalamu wanaweza kuyacheka, lakini kitu kisicho na jina kwetu kinaondoka bila kuagwa. Baba yake amesoma daftari lile lote. Akauliza safari ijayo ni lini, na kama gambuti zake za zamani bado zinafaa.

Tumemwambia azioshe kwanza.