Maji ya Mfereji Ughaibuni: Kunywa au Chemsha?

Haya, leo tuache programu kidogo tuongee maji. Kila mara kijana wa kwetu akipata kazi ya kompyuta huku Berlin, swali lake la kwanza kwangu huwa la mshahara, la pili la baridi. La tatu huuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya: "Kaka, maji ya mfereji huko yanakunywika hivi hivi?"

Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu limenichukua karibu mwaka mzima wa barua na chupa, kwa hivyo vumilieni.

Tuanze nyumbani ndiyo tuelewane. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, husafishwa Ng'ethu na kutiwa klorini. Yakitoka pale ni maji ya kunywa. Shida huanza njiani. Mgao ukifika, presha huisha ndani ya bomba, na bomba lenye ufa likikosa presha hufyonza chochote kilicho nje yake, hata maji taka ya mtaro wa jirani. Halafu maji hupanda kwenye tangi juu ya paa, tangi ambalo hakuna mpangaji anayekumbuka lilioshwa lini. Ndipo mama huweka sufuria jikoni. Na mama yuko sahihi kabisa! Anachochemsha ni ile safari yote kutoka Ng'ethu hadi kwenye kikombe chako.

Sasa Berlin. Maji ya huku huvutwa kutoka visima virefu, mengi yakiwa ndani ya mji wenyewe. Hupigwa hewa, hupitishwa kwenye mchanga ili chuma na manganizi zibaki nyuma, kisha huingia mabombani. Kwa kawaida hayatiwi klorini. Ukiyanusa hutasikia ile harufu ya bwawa la kuogelea. Yanafika salama kwa sababu chanzo ni kizuri, mabomba hayavuji ovyo, na presha haikatiki usiku wala mchana. Kitu kitakachokushtua ni birika la umeme: baada ya wiki mbili lina ukoko mweupe ndani. Wengi huupiga picha na kunitumia wakidhani wamepata ushahidi wa sumu. Hiyo ni chokaa tu jamani. Mwaga siki, subiri nusu saa, suuza.

Lakini msidhani Wajerumani walizaliwa na maji haya. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg na kuua watu wapatao 8,600. Hamburg ilikuwa ikivuta maji ya mto Elbe na kuyasambaza bila kuyachuja. Altona, mji uliopakana nayo kiasi kwamba ulivuka tu mtaa ukawa umefika, ulivuta maji ya mto huo huo, tena upande wa chini ambako uchafu wa Hamburg ulikuwa umeshamwagwa. Ila Altona ilipitisha maji yake kwenye mchanga, na ugonjwa haukuipiga kama jirani yake. Mto mmoja, watu wale wale, hewa ile ile. Tofauti ilikuwa kichujio.

Nakisimulia kisa hicho kwa sababu tumezoea kuuliza kuhusu nchi: maji ya Ujerumani yako vipi, ya Kanada je, ya Uholanzi? Nchi haina mfereji. Mfereji uko jikoni kwako, na kati yake na kisima kuna vituo kadhaa, kila kimoja na mwenyewe.

Hapo ndipo kisa changu kinapoingia. Mwaka 2023 tulipata mtoto wa kwanza. Tulikuwa tumepanga katika jengo kuukuu, lililojengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, dari ndefu, ngazi za mbao, pazuri kwa kweli. Mtoto alikuwa akinywa maziwa ya unga. Mama alipiga simu kutoka Nyeri:

"Na maji ya maziwa ya mtoto, mnachemsha?"

"Tunachemsha, mama."

"Vizuri. Mchemshe sana."

Wiki hiyo hiyo mama mmoja mzee wa ghorofa ya chini, aliyeishi pale miaka mingi, alinisimamisha kwenye ngazi. Aliniuliza mtoto anakunywa nini, kisha akasema baadhi ya mabomba ya jengo hili hayajawahi kubadilishwa, na ni ya risasi.

Risasi hapa ni ile madini, ambayo ile ya bunduki ilipata jina lake. Zamani mafundi waliipenda kwa sababu ni laini na inapindika kirahisi. Huku Ujerumani, nyumba iliyojengwa kabla ya 1973 inaweza kuwa nayo, hasa kaskazini na mashariki. Maji yakilala ndani ya bomba hilo, risasi huyeyuka kidogo kidogo. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Inaumiza ubongo unaokua, na mwili wa mtoto mchanga huifyonza kuliko wa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Na sasa sikieni hili vizuri: KUCHEMSHA HAKUIONDOI. Moto huua vijidudu. Risasi haina uhai wa kuuawa. Maji yakipungua kwa mvuke, risasi yote inabaki katika maji machache zaidi. Ushauri wa mama, uliotulinda utotoni mwetu wote, ulikuwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Nilishuka chini ya jengo na tochi. Bomba la risasi ni la kijivu, limepindwa taratibu badala ya kuunganishwa kwa kona, ukiligonga halilii kama chuma, na ukilikwaruza kwa sarafu linang'aa kama fedha. Lilinga'aa.

Mtu wa programu akiona hitilafu hutaka kujua iko kwenye kipande gani, na nilifurahi kukuta maabara za maji hufanya vivyo hivyo. Wanachukua chupa tatu. Ya kwanza ni baada ya kuacha maji yatiririke hadi yawe baridi: hiyo hupima yanayoingia kutoka barabarani. Kisha unafunga mfereji saa nne. Lita ya kwanza baada ya hapo hupima mfereji wenyewe, na lita inayofuata hupima mabomba ya ndani ya nyumba. Kiwango cha juu kisheria kilikuwa, na bado ni, miligramu 0.010 kwa lita. Majibu yetu: 0.003, 0.019, 0.024. Mji haukuwa na kosa. Mfereji haukuwa mkosaji mkuu. Ilikuwa ni ukuta wa jengo.

Nilimwandikia mwenye nyumba nikaambatanisha majibu. Alijibu kwa adabu kwamba maji ya Berlin ni miongoni mwa maji yanayopimwa kwa makini zaidi duniani. Kila neno lilikuwa kweli! Na hakuna hata moja lililohusu bomba lake. Nikapeleka karatasi zile zile kwa ofisi ya afya ya mtaa, na hao ndio waliomwandikia kwa lugha ya tarehe na faini. Mabomba yalibadilishwa baada ya miezi kumi na moja. Muda huo wote maziwa ya mtoto yalitengenezwa kwa maji ya chupa, yale yaliyoandikwa kwamba yanafaa kwa chakula cha watoto wachanga, nikiyapandisha mgongoni hadi ghorofa ya nne.

Daktari alimpima mtoto damu. Tulisubiri siku nne, na mke wangu na mimi hatukuongea mengi siku hizo. Majibu yalikuja mazuri. Leo anakimbia na kuvunja vikombe.

Sheria nayo imesogea. Ujerumani iliweka 12 Januari 2026 kuwa siku ya mwisho ya mabomba ya risasi, ukiacha ruhusa maalum chache, na kuanzia 12 Januari 2028 kiwango kitashuka hadi 0.005. Hata hivyo karatasi haishuki chini ya jengo na tochi. Wewe ndiye utakayeshuka.

Kwa hivyo ukifika, iwe huku au kwingine, fanya hivi. Uliza jengo lilijengwa mwaka gani na mabomba yalibadilishwa lini, na upewe jibu kwa maandishi. Asubuhi acha maji yatiririke hadi yawe baridi kabisa kabla ya kunywa, na hayo ya kwanza mwagilia maua au safishia sakafu. Usipikie maji ya moto ya mfereji, kwani ya moto huyeyusha madini zaidi. Na kama kuna mjamzito au mtoto mchanga na jengo ni kuukuu, usitegemee kutiririsha tu: peleka chupa maabara, na mtoto atumie maji ya chupa mpaka majibu yarudi.

Baada ya hapo kunywa bila wasiwasi. Mimi nakunywa, na hata sasa nina glasi hapa karibu na kibodi. Mama naye bado huuliza kama tunachemsha. Namwambia tunapima, naye hujibu, "Sawa, lakini mchemshe pia."