Tulikuwa Watu 20

Kikundi chetu cha WhatsApp kilikuwa na watu 20. Kila Jumapili jioni kila mtu anamtumia mweka hazina 2,000, mmoja wetu anapokea 38,000 za wenzake, na wiki inayofuata ni zamu ya mwingine. Chama cha kuzungushiana tu, kama vile mama zetu wamefanya miaka yote, ila hiki kilikuwa cha kwenye simu na hatukuwa tumeonana. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Kura iliniangukia namba 17.

Namba moja alipopokea, aliweka picha ya ujumbe wa M-Pesa na maneno haya: "Mungu awabarki." Namba mbili naye akaweka yake. Mle ndani kulikuwa na fundi wa viatu, mwalimu wa chekechea, na jamaa mmoja mcheshi aliyetutania tukichelewa kutuma. Kuna siku nilishikwa na wasiwasi. Mama mmoja wa kikundi akaniandikia pembeni: "Wacha woga, mwanangu. Mimi nilipokea wiki jana."

Nilituma wiki 13. Hiyo ni 26,000, na ilikuwa karo.

Wiki ya 14 kikundi kilinyamaza. Kufika usiku wanachama wakaanza kutoka, mmoja baada ya mwingine, hadi tukabaki wawili, mimi na msichana mmoja wa Kitale aliyekuwa namba 19. Tulipigiana simu, tukarudi nyuma kusoma jumbe zote. Ndipo tukaona kitu ambacho kilikuwa wazi siku zote: fundi wa viatu, mwalimu na yule mama wote waliandika "awabarki", bila i. Wale 18 walikuwa mtu mmoja mwenye laini nyingi za simu na muda wa kutosha.

Muhula ule sikurudi chuo. Wala uliofuata. Mama nilimwambia kozi haikunifaa.

Nikaanza kuandika makala za watu kwa malipo. Mteja mmoja wa ng'ambo alitaka kulipa kwa Bitcoin, nikakubali, kwani mwenye njaa huchagua? Nikampa anwani ya kupokelea pesa. Mteja wa pili alipokuja, nikampa anwani ileile. Sikujua kwamba daftari la Bitcoin liko wazi kwa dunia nzima: ukiwa na anwani ya mtu, unaona kila kilichoingia na kila kilichotoka. Mteja wa pili alinijibu kwa upole kabisa. Alisema ameona kiasi ninacholipwa kwingine, kwa hivyo haoni sababu ya yeye kulipa zaidi. Akapunguza bei. Ilikuwa kama mtu ameingia kwangu, akafunua sufuria, akaona ni sukuma tupu, kisha akanipangia mshahara kulingana na sukuma.

Nilianza kutafuta namna ya kujisitiri, na hapo nikakutana na CoinJoin. Gregory Maxwell aliieleza mwaka 2013. Watu kadhaa wanaunganisha malipo yao yawe muamala mmoja. Kila mtu anaingiza zake, na upande wa pili vinatoka viasi vinavyolingana. Hakuna anayeshika pesa za mwenzake, kwa sababu kila mmoja anatia sahihi yake mwenyewe, na hakubali kama chake hakimo. Anayetazama kutoka nje anaona mafungu kumi yanayofanana na hajui lipi ni la nani.

Programu niliyoisoma kwa kina ni JoinMarket, iliyoanza mwaka 2015. Ndani yake kuna wanaosubiri na wanaoita. Wanaosubiri wanaacha Bitcoin zao tayari, na anayetaka kujichanganya anawaita, tuseme tisa, na kuwalipa ada ndogo. Nilifurahi. Kisha nikasoma sentensi iliyonirudisha kwenye ile Jumapili ya 14: je, kama wale tisa ni mtu mmoja?

Kompyuta moja inaweza kujifanya watu mia. Jasusi akiwa ndiye wote tisa, anatoa mafungu yake kwenye hesabu, na linalobaki ni lako. Wewe unadhani uko katikati ya umati, kumbe uko peke yako uwanjani. Hili lina jina, shambulio la Sybil, kutoka kwa andiko la John Douceur la mwaka 2002. Mimi nilikuwa nalijua tayari. Lilinigharimu 26,000.

Dawa yake ilipendekezwa mwaka 2019 na Chris Belcher, aliyeianzisha JoinMarket, ikaingia kwenye programu mwaka 2021. Mimi naiita dhamana ya uaminifu. Anayetaka kuitwa anafunga kiasi fulani cha Bitcoin zake hadi tarehe mosi ya mwezi anaouchagua mwenyewe, pengine miezi sita mbele, pengine miaka. Hakuna anayeweza kuzifungua kabla ya hapo, hata yeye. Kila mtu anaweza kuhakikisha kwamba kweli zimefungwa. Kadiri zinavyokuwa nyingi na za muda mrefu, ndivyo anavyopata nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa.

Lakini mjanja si ataigawa pesa yake vipande kumi, ajifanye watu kumi? Hapo ndipo nilipoona akili ya jambo lenyewe. Uzito wa dhamana haupandi sawasawa na pesa, unapanda kwa kasi zaidi. Anayefunga sarafu 10 kwa jina moja anapata uzito wa karibu 20. Akizigawa kwa majina kumi, sarafu moja moja, kila jina linapata uzito wa 1, na jumla ni 10. Kujifanya wengi kumemla nusu. Jasusi bado anaweza kujaribu, ila sasa lazima alaze mali nyingi sana kwa muda mrefu. Yule mtu wangu wa laini 18 alihitaji laini tu.

Nikamkumbuka mama. Chama chake cha soko la Chwele, pale Bungoma, hakimpokei mtu kwa maneno. Ukitaka kuingia unaweka 5,000 kwenye sanduku, na haiguswi mpaka Desemba. Haina riba. Nikiwa mdogo niliona ni ukatili, hasa mwaka ule tulipolala bila taa na pesa yetu iko sandukuni. Nilimuuliza kwa nini asiende kuichukua. Aliniambia: "Pesa iliyokubali kulala inaongea kwa niaba yangu."

Sitasema hii dawa haina uchungu. Inamwamini zaidi mwenye nacho. Mwenye sarafu nyingi za kulaza ataitwa mara nyingi, na mtu kama mimi, ambaye mwisho wa mwezi anahesabu kodi, ataitwa kwa nadra. Walioiunda waliliona hilo, wakaacha mlango mdogo: kwa kawaida, nafasi moja katika nane programu huchagua mtu kwa bahati nasibu bila kuangalia dhamana. Moja katika nane si nyingi. Hata hivyo ni zaidi ya nilizopewa mahali pengine.

Mwezi Julai nilifunga malipo ya makala moja hadi Januari. Ni kidogo, karibu aibu. Nikaenda nyumbani wikendi, na mama akaniuliza kama nina kitu cha kusaidia mbolea.

"Iko, lakini imefungwa mpaka Januari."

"Nani ameifunga?"

"Mimi mwenyewe."

Akaacha kuchambua vitunguu, akanitazama. Nikamweleza yote, nikianza na Bitcoin, nikaenda nikirudi nyuma, hadi nikafika kwenye kikundi cha watu 20 na karo. Miaka minne nilikuwa nimekaa na hiyo habari. Sauti yangu ilipotea mahali fulani kati ya fundi wa viatu na mwalimu wa chekechea.

Hakunigombeza. Alikaa kimya, kisu mkononi, kisha akauliza swali moja tu.

"Baba, kabla hujatuma, uliwauliza hao watu wamelaza nini?"

"Hapana, mama."

"Basi." Akasukuma karai upande wangu. "Kunja mikono ya shati, tumalize hivi vitunguu. Hiyo ya Januari iache ilale."