Abiria wa Landrova ya Babu

Nyumbani kwetu Ntobeye, wilayani Ngara, kuna Landrova iliyoegeshwa kando ya migomba tangu baba alipofariki. Babu aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, baba akairithi, na sasa kikao cha ukoo kinauliza ni ya nani. Kaka yangu mkubwa amekwisha kumpata mnunuzi wa vyuma chakavu. Bodi yake ni ya alumini, kwa kuwa Waingereza walipoanza kuziunda gari hizi mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Alumini hailiwi na kutu. Kwa sababu hiyo bado ina bei, na kwa sababu hiyohiyo itayeyushwa iwe masufuria.

Sina hoja ya fedha ya kumjibu kaka. Nina maneno tu.

Baba ndiye aliyenifundisha kuiendesha. Ukitaka kurudi gia ya pili, sharti ukanyage klachi mara mbili, na katikati uitie injini mafuta kidogo. “Isikilize kwanza, mwanangu, ndipo utie gia.” Alichokishika mikononi alikiita usukani. Nasi watu wa milimani, tulioijua Bahari ya Hindi kwa redio, tulikuwa tukitamka neno la mabaharia, lililotoka katika Kiarabu na kuongoza majahazi kabla ya kuongoza magari. Gari lenyewe ni neno la Kihindi. Klachi na gia ni za Kiingereza. Kihangaza kilisikika pale tu ilipokataa kuwaka, na maneno aliyoyatumia babu saa hiyo siyaandiki hapa.

Lakini neno linalonizuia kutia saini hati ya mauzo ni abiria. Kuabiri ni kuvuka kwa chombo, na mzizi wake wa Kiarabu una maana hiyohiyo ya kuvuka. Tarehe 28 Aprili 1994 Wanyarwanda walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo; kwa muda wa takriban siku moja walivuka zaidi ya watu 200,000, na Benaco, mahali tulipopajua kama njia tu, pakawa mji wa maturubai. Baba alikwenda na Landrova. Alibeba wazee na wajawazito mpaka petroli ikamwishia. Hakupata kutusimulia, nasi hatukuthubutu kumwuliza.

Ninalo daftari lake la safari. Kila ukurasa una majina, mizigo na nauli, hata ya jirani aliyepakia mkungu mmoja wa ndizi. Kurasa za siku zile hazina jina hata moja. Ameandika “abiria”, akarudia “abiria” mstari kwa mstari, na katika safu ya nauli amepiga kistari kila mahali.

Nililisoma mbele ya kikao. Shangazi alijifunika uso kwa khanga. Kaka alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwa upole, “Mdogo wangu, daftari tutalitunza. Nimeuliza gari ni la nani.”

“Ni langu,” nikajibu, nami sikuwa nimejiandaa kusema hivyo.

“Basi nunua betri.”