Tuliagiza Magari, Ukaguzi Tukauacha Japani

Barabara kuu iendayo Zambia hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Kila nipitapo hapo huyatazama magari tunayopishana nayo: mengi yalikwisha kutumika Japani. Baadhi bado yana stika za Kijapani kwenye vioo, na yakiwashwa humsemesha dereva kwa Kijapani. Mengine, yenye namba za IT, yanakimbilia Zambia na Kongo.

Sina ugomvi na mitumba hii. Wajapani huendesha kushoto kama sisi, na bila soko lao walimu wengi wa Kilosa wasingemiliki gari. Ninachouliza ni hiki: kwa nini magari hayo hutufikia yakiwa bado mazima? Si kwa uhodari wa viwanda peke yake. Sheria ya Japani inalazimisha ukaguzi uitwao shaken: gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Breki, taa na moshi hupimwa kwa mashine. Gari lisilofaulu haliruhusiwi barabarani.

Nasi tuna masharti yetu. Shirika la Viwango Tanzania hutaka gari lililotumika likaguliwe, na mwaka 2021 lilianza kuyakagua yanapowasili Dar es Salaam. Kenya hukataa gari lililozidi miaka 8. Sisi gari kuukuu hulipokea, tukaliongezea ushuru wa uchakavu. Hata hivyo, yote haya ni masharti ya mlangoni. Gari likishatoka bandarini, uzima wa breki zake huachiwa dhamira ya mwenye gari, unene wa mfuko wake, na jicho la askari wa barabarani. Jicho, hata liwe kali namna gani, halipimi nguvu ya breki.

Ukitoka Mikumi kwenda Iringa utaikuta Kitonga. Anayeishuka na abiria hasaidiwi na cheti kilichotolewa bandarini miaka 5 iliyopita. Anahitaji breki zinazoshika leo. Kama serikali hutoza uchakavu, basi fedha hizo zijenge vituo vya ukaguzi wa mashine katika miji ya njia kuu, Mikumi ikiwamo, na magari ya abiria yawe ya kwanza kupimwa. Kodi ya uchakavu isiyopunguza uchakavu ni ada ya kuruhusu hatari.